Watoto Wapewe Hadithi za Kutisha



Natoa maoni yangu juu ya starehe za mjini na hadithi za kutisha.

Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi huku shamba, lakini kwetu ni Mji Mkongwe. Kila likizo hurudi nyumbani, na starehe yangu haina ratiba wala gharama. Baada ya sala ya alasiri hutoka bila ya kujua niendako. Uchochoro mmoja hunitoa Hurumzi, mwengine hunifikisha Darajani. Nikikuta baraza ya gahawa nakaa. Nikikuta bao limekolea nasimama. Jua likizama niko Forodhani napunga upepo.

Usiku ukiingia, mji huu wenyewe hutisha. Ipo Beit el Ajaib, iliyojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, na ambayo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba, 2020. Nje kidogo ya mji zimebaki nguzo za kasri ya Maruhubi, iliyoungua mwaka 1899. Mtoto akipita hapo magharibi lazima atauliza: humu anakaa nani sasa?

Jibu atalipata ama kwa uvumi ama kwa kitabu. Hapo ndipo ilipo hoja yangu.

Uvumi tunaujua. Mwaka 1995 hofu ya Popobawa iliwatoa watu majumbani mwao, wakalala nje kwa makundi wakiota moto. Uvumi hauna mwisho, na kila anayeupokea huuongeza chumvi.

Kitabu sivyo. Marehemu Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alitoa "Mzimu wa Watu wa Kale" mwaka 1960, baada ya kushinda nacho mashindano ya uandishi ya mwaka 1957/58. Mwenye shamba anakutwa amekufa mzimuni. Msomaji anasisimka mwili, lakini Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, hakubali neno la mizimu mpaka achunguze. Mwaka 1968 kikafuata "Kisima cha Giningi". Naye Said Ahmed Mohamed, katika "Babu Alipofufuka" cha mwaka 2001, anamrudisha babu kutoka kaburini amwandame mjukuu wake mwenye cheo. Kitisho hicho kina mafunzo hata kwa watu wazima.

Likizo iliyopita nilivitafuta vitabu hivi mjini kwa ajili ya wanafunzi wangu wa darasa la sita. Nilipata kimoja tu cha Bwana Msa, kikuukuu, kisicho jalada. Nikawa nawasomea. Pana mbuyu njiani kwetu ambao watoto walikuwa hawapiti jioni. Tulipofika katikati ya kitabu, wawili walikwenda wenyewe kuuchunguza, wakarudi na habari za bundi.

Kwa hiyo naziomba wizara inayohusika na makampuni ya uchapaji, vitabu hivi vichapwe kwa wingi na vifikishwe katika maktaba za skuli, za mjini na za shamba. Wazazi nao wasiwakataze watoto hadithi za kutisha, ila wazisome pamoja nao. Mtoto aliyezoea kutishwa na kitabu hatishwi ovyo na uvumi.

Mwalimu,
Mkoa wa Kusini Unguja.