Salima Mukansanga: Kipenga kilichoivunja miiko ya AFCON

Januari 18, 2022, Zimbabwe iliifunga Guinea 2-1 kwenye Uwanja wa Ahmadou Ahidjo, Yaoundé, katika mechi ya mwisho ya kundi lao. Zimbabwe ilikuwa imeshatolewa, hivyo ushindi ule haukuiokoa. Wengi wameyasahau matokeo, ila hawajamsahau aliyeshika kipenga. Alikuwa Salima Mukansanga wa Rwanda, mwanamke wa kwanza kuchezesha mechi ya fainali za AFCON ya wanaume tangu mashindano hayo yaanze mwaka 1957.

Vibendera vilishikwa na Fatiha Jermoumi wa Morocco na Carine Atezambong wa Cameroon. Kwenye chumba cha VAR alikaa Bouchra Karboubi, naye wa Morocco. Nahodha wa Guinea, Naby Keïta, aliyekuwa akichezea Liverpool, alionyeshwa kadi ya njano iliyomfanya aikose mechi ya 16 bora. Mukansanga hakujali ukubwa wa jina.

Alizaliwa mwaka 1988 wilayani Rusizi, magharibi mwa Rwanda, na ndoto yake ya utotoni ilikuwa mpira wa kikapu. Alisomea uuguzi na ukunga, huku akipanda ngazi za uamuzi kwenye ligi za nyumbani. Mwaka 2012 akapata beji ya FIFA. Mwaka 2019 alikuwa Ufaransa kwenye Kombe la Dunia la Wanawake, na 2021 akachezesha soka la wanawake kwenye Olimpiki ya Tokyo. Kwa hiyo alipoitwa AFCON, alikuwa na takriban muongo mmoja wa mechi za kimataifa nyuma yake.

Wapo waliodhani amebebwa. Hao hawajui mtihani wa mbio. Mwanamke anayetaka kuchezesha mashindano ya wanaume hupimwa kwa viwango vya wanaume: mbio sita za mita 40, kila moja isizidi sekunde 6. Akimaliza, anakimbia mita 75 ndani ya sekunde 15, anatembea mita 25 kwa sekunde 18, kisha anaanza upya, hadi atimize mara 40. Anayeshindwa anabaki nyumbani, awe na jina gani.

Mwishoni mwa 2022 FIFA ilimpeleka Qatar, pamoja na Stéphanie Frappart wa Ufaransa na Yoshimi Yamashita wa Japani. Hao ndio wanawake watatu wa kwanza kuteuliwa kuwa waamuzi wa kati katika Kombe la Dunia la wanaume. Novemba 22, Ufaransa ilipocheza na Australia, Mukansanga alikuwa mwamuzi wa akiba, akiinua ubao wa wachezaji wanaobadilishwa. Siku tisa baadaye Frappart alichezesha Ujerumani na Costa Rica. Mnyarwanda huyo na mwenzake wa Japani walimaliza mashindano bila kupewa mechi ya kuchezesha. Kuteuliwa ni jambo moja, kuaminiwa kwa kupewa mechi ni jambo jingine.

Imani hiyo hujengwa nyumbani. Mukansanga alichezesha ligi ya wanaume ya Rwanda kabla Afrika haijamjua. Hapa Tanzania, Jonesia Rukyaa alikabidhiwa pambano la watani wa jadi, Simba na Yanga, Februari 2016, mechi ambayo hata refa wa kiume mwenye uzoefu huiingia roho mkononi.

Tatizo ni kwamba wanawake wengi wenye beji bado hupewa mechi kubwa mara mojamoja, kana kwamba ni zawadi ya sikukuu. Refa hanolewi na semina pekee. Hunolewa na penalti ya dakika ya 89, kocha anayefoka pembeni na jukwaa linalozomea. Mashirikisho ya Afrika Mashariki yakitaka kumwona mwanamke wa ukanda huu akiwa katikati ya uwanja kwenye Kombe la Dunia la wanaume, yaanze kwa kumpangia mechi ngumu za Ligi Kuu kila wiki.