Safari ya Upemba: Neno na Matayarisho Yake

Katika lugha nyingi za Ulaya, neno «safari» limebaki na maana moja hasa: matembezi ya kwenda kutazama wanyama wa pori. Katika Kiswahili, kilicholipata neno hilo kutoka Kiarabu, safari ni mwendo wowote wa kwenda mbali. Tofauti hiyo si ya kamusi peke yake. Anayepanga kuzuru Hifadhi ya Taifa ya Upemba, kaskazini ya Lubumbashi, atafaulu iwapo ataishika maana ya Kiswahili.

Hifadhi hiyo iliundwa mwaka 1939, na eneo lake linazidi kilomita za mraba 10,000. Vita vya miaka 1996–1997 na 1998–2003, pamoja na ujangili, vilipunguza mno wanyama wake. Hata hivyo, huko ndiko waliko pundamilia wa mwisho wa Kongo, na tembo wachache bado wapo. Hapana hoteli za kifahari wala magari ya watalii yanayofuatana. Kwa hiyo msafiri hana budi kujiuliza maswali yale yale ya misafara ya karne ya 19, iliyochukua shaba na pembe za ndovu kutoka Katanga hadi pwani katika zama za Msiri wa Bunkeya.

Swali la kwanza ni wakati. Mvua hunyesha takriban kuanzia Novemba hadi Aprili, na barabara za udongo huharibika. Kiangazi ndicho kifaacho. Lakini mwezi wa Juni na Julai usiku ni wa baridi kali juu ya uwanda wa Kibara, basi blanketi si anasa.

La pili ni mahali. Upemba ina sura mbili: uwanda wa juu wenye nyasi, penye kituo cha Lusinga, na bonde la Lualaba lenye maziwa na mafunjo. Pundamilia hutafutwa juu, ndege wa majini chini. Mwenye siku chache na achague upande mmoja.

La tatu ni ruhusa. Misafara ya zamani ilimlipa mwenye nchi «hongo», yaani ushuru wa njia. Leo neno hilo limeshuka hadi kuwa rushwa. Ruhusa ya sasa ni ya maandishi, nayo huombwa mapema kwa ICCN, taasisi ya taifa ya hifadhi, ambayo pia huulizwa habari za usalama. Ikijibu kwamba njia si salama, safari huahirishwa.

La nne ni masurufu: chakula, maji, mafuta ya gari ya kwenda na kurudi, vipuri, dawa za malaria. Anayepungukiwa njiani huwaelemea walinzi, ambao wamepoteza wenzao wengi katika kazi hiyo, na wanavijiji, ambao akiba yao ni ndogo.

Hatimaye kuna lugha. Kiswahili humwezesha mgeni kuelewana na walinzi. Vijijini Kiluba hutangulia, na mkalimani wa hapo hapo hujua njia kuliko ramani. Msafiri aliyejiandaa hivyo huenda asione pundamilia hata mmoja. Lakini atarudi salama, bila kumwachia mwenyeji mzigo wake.