Wazee wa Kombewa na huduma zao: kweli ni ipi, uvumi ni upi?

Panda matatu ya Bondo kutoka Kisumu, pita Kisian na Holo, na kabla hujashuka Kombewa utakuwa umeshasikia mengi kuhusu bima ya afya ya SHA, pesa za wazee na hospitali. Mengine ni kweli. Mengine yalikuwa kweli mwaka 2019 na sasa si kweli tena. Mengine hayajawahi kuwa kweli, ila hurudiwa hata na watu wanaopanga bajeti, na hapo ndipo yanapotugharimu.

"Mzee ana watoto wake. Serikali haina kazi hapo."

Uongo, tena uongo wenye sura ya heshima. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinampa mzee haki ya kutunzwa na kusaidiwa na jamaa zake pamoja na serikali. Lakini tuiache Katiba kidogo, tuingie bomani. Katika maboma mengi ya Seme, kaunti ndogo yenye Kombewa, watoto wanaodhaniwa kumtunza mzee wako Nairobi au Mombasa wakihangaikia kodi ya nyumba zao, au wamezikwa hapo hapo uani. UKIMWI uliua watu wazima wengi kando ya ziwa hili katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, kabla ARV hazijapatikana bure, na walioachiwa watoto ni akina dani, yaani nyanya zetu. Dani huyo hatunzwi na mtu. Yeye ndiye anayetunza: anatafuta karo, anaanika omena, anamwamsha mjukuu aende shule, na presha yake hupimwa siku aliyoanguka. Mpango unaomwandika kuwa mtegemezi umekosea hesabu kabla haujaanza.

Na hili nalo lisemwe. Sisi watu wa ziwa tunajua kuchanga. Mzee akifariki, kamati inaundwa jioni ile ile, kikundi cha WhatsApp kinafunguliwa, na hema, jeneza, gari na ng'ombe vyote vinapatikana. Mzee huyo huyo alipovunjika nyonga miezi kadhaa kabla, kikundi hakikuwapo. Sisemi kwamba jamaa hawawapendi wazee wao. Mchango wa jamaa huja mara moja na kwa kishindo, ilhali uzee hutaka kidogo kidogo, kila mwezi, kwa miaka. Pengo hilo halizibwi kwa harambee.

"Ukifika miaka 60 unalipwa pesa za wazee."

Uongo. Katiba humtambua mzee kuwa ni mtu aliyepita miaka 60. Mpango wa serikali wa pesa za wazee, Inua Jamii, ulioanza kuwalipa wazee wote bila kuchagua maskini peke yao mwaka 2018, ni wa waliotimiza 70 na wasio na pensheni. Hapo katikati kuna miaka kumi ambayo mtu ni mzee kwa Katiba lakini si mzee kwa Hazina. Hata kutimiza 70 kwenyewe hakuleti pesa siku hiyo, kwa kuwa majina mapya huingizwa serikali inapofungua usajili. Kiasi ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na hakijaongezwa kwa zaidi ya miaka kumi. Bei ya unga nayo haijawasubiri.

"SHA inamtibu mzee bure."

Kweli, mpaka mlango wa zahanati. Tangu Oktoba 1, 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya pili na ya tatu, hulipwa na mfuko wa serikali. Mzee anahitaji kusajiliwa tu. Lakini Hospitali ya Kaunti ya Kombewa ni ya ngazi ya nne. Akilazwa hapo au akihitaji upasuaji, swali la kwanza ni kama amelipa mchango wake. Asiye na mshahara huulizwa maswali kuhusu nyumba yake, choo chake na mali yake, kisha mtambo humpangia kiasi. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na hutakiwa kulipwa kwa mwaka mzima: 3,600. Hizo ni karibu pesa zote za Inua Jamii za miezi miwili, na mzee hajanunua hata chumvi.

Sasa mtu ataelewa kwa nini wengi huapa kwamba hospitali ni bure. Desemba 2018 Rais Uhuru Kenyatta alikuja Kisumu kuzindua majaribio ya afya kwa wote (UHC) katika kaunti nne: Kisumu, Nyeri, Machakos na Isiolo. Kwa muda, ada za hospitali za ngazi ya nne na ya tano ziliondolewa kweli, kwa kadi ile ya UHC. Majaribio yakaisha. Ukaja mpango wa Marwa wa kaunti, uliolenga kuzilipia bima familia maskini. Kisha NHIF yenyewe ikafutwa. Mtu aliyebadilishiwa utaratibu namna hiyo ndani ya miaka sita hajachanganyikiwa kwa sababu ya uzee.

Kuna gharama nyingine ambayo sijaona mfuko unaoigusa. Mgonjwa wa presha na sukari hurudi kliniki kila mwezi. Kutoka ufuoni Asat, hiyo ni bodaboda kwenda na kurudi, pengine na mjukuu wa kumshika mkono. Akikuta dawa zimekwisha, huandikiwa cheti akanunue dukani. Akipewa rufaa kwenda JOOTRH mjini, hospitali ambayo wengi bado huiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, ongeza matatu. Bima hulipia kitanda. Njia anailipa mzee mwenyewe, na mara nyingi njia ndiyo inayomfanya aache dawa.

"Kusahau ni uzee tu."

Uongo. Wazee wengi sana hufa na akili zao timamu. Anayepotea njia ya kisima alichochotea maji miaka hamsini, au anayetoka usiku asijue kurudi, ana ugonjwa wa ubongo na anastahili kuchunguzwa. Huku kwetu anayetembea usiku huitwa jajuok, yaani mchawi wa usiku, kabla hajaonwa na daktari, na sina hamu ya kulicheka hilo. Oktoba 2021, katika eneo la Marani, Kisii, wanawake wazee wanne waliuawa kwa kushukiwa uchawi.

"Takwimu tunazo."

Hapa naomba subira ya msomaji, kwa kuwa hili ndilo linalonikera kuliko yote.

Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 kuhusu presha, sukari na magonjwa ya aina hiyo uligundua kwamba karibu robo ya watu wazima wana presha ya juu, na wengi wao hawajui. Habari nzito. Lakini waliopimwa walikuwa na umri wa miaka 18 hadi 69. Uchunguzi wa 2018 kuhusu virusi vya UKIMWI uliipa Kisumu asilimia 17.5, ya pili nchini baada ya Homa Bay. Kiwango hicho ni cha watu wa miaka 15 hadi 64. Ule mkubwa wa idadi ya watu na afya wa 2022 uliwahoji wanawake wa miaka 15 hadi 49 na wanaume wa miaka 15 hadi 54. Tafiti tatu, na dani wa miaka 72 hayumo katika yoyote.

Matokeo yake ni imani kwamba UKIMWI ni wa vijana. Fanya hesabu: aliyeanza ARV mwaka 2005 akiwa na miaka 45 ameshavuka 60, na dawa zimefanya kazi yake. Anameza ARV, anameza za presha, pengine na za sukari. Misaada ya Marekani ilipokatwa mwaka 2025 na kliniki za UKIMWI kuanza kuunganishwa na foleni za kawaida, wazee wa namna hii waliguswa moja kwa moja, lakini nani aliwataja?

Ajabu ni kwamba Kombewa ni miongoni mwa sehemu chache za Kenya zilizokwisha kuhesabiwa nyumba kwa nyumba. Taasisi ya utafiti ya KEMRI na ile ya Walter Reed ya jeshi la Marekani zilianzisha hapa mwaka 2011 mfumo wa kufuatilia vizazi, vifo na watu wanaohama. Dunia inaijua Kombewa kwa majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, chanjo ya watoto. Kama rejesta za aina hiyo zinaweza kutuambia ni mtoto gani alizaliwa boma gani, zinaweza pia kutuambia ni mzee gani anaishi peke yake. Ni suala la kuuliza.

"Tunahitaji nyumba za wazee."

Uongo kwa sehemu kubwa. Nyumba ya Wazee ya masista kule Kasarani, Nairobi, huwahifadhi wasio na mtu kabisa, na wa namna hiyo hawakosekani popote. Lakini mzee wa Seme ana boma, na anataka kufia humo. Anachokosa ni mtu wa kuja. Watu hao wapo: mwaka 2023 serikali iliwagawia wahudumu wa afya ya jamii takriban laki moja mikoba yenye mashine ya presha na ya kupima sukari, na posho yao ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka Nairobi na nusu kutoka kaunti. Kwa posho hiyo mhudumu hutembelea takriban nyumba mia moja. Hajafunzwa kumgeuza mgonjwa wa kiharusi asitoke vidonda, wala hana dawa za kumpelekea. Ukinipa pesa za wodi mpya ya hospitali, mimi nitampa yeye: mafunzo, dawa za mwezi ndani ya mkoba, na mafuta ya pikipiki. Jengo hufunguliwa na mwanasiasa kwa utepe, mkoba hauna utepe, na nadhani hapo pana nusu ya maelezo.

"Bajeti hupangwa Nairobi."

Uongo. Zahanati, vituo na hospitali za kaunti ziko mikononi mwa kaunti. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Kabla ya hapo sheria hudai wananchi wasikilizwe, na vikao hufanywa katika wadi. Seme ina nne. Anayeketi mbele kwa kawaida ni kijana anayetaka barabara au mwalimu anayetaka darasa, kwa sababu wao wanaweza kufika. Asiyeweza kufika anaruhusiwa kuleta maoni kwa maandishi, na barua ya ukurasa mmoja yenye majina ya wazee wa kijiji, dawa wanazokosa na nauli wanayolipa kwenda kliniki hupokelewa ofisi ya wadi bila ada yoyote.