Vumbi, Povu na Kiputo: Tatizo la Istilahi

Katika vilima vya Nyamagana, jijini Mwanza, kuponda kokoto ni kazi ya kila siku. Miamba ya huko ni ya matale, nayo ina silika kwa wingi. Mponda kokoto huambiwa ajihadhari na vumbi, naye hulielewa neno hilo kama Waswahili wengi walielewavyo: ni kile kitimkacho, kikaonekana, kisha kikatulia. Hapo ndipo lugha inapomponza. Chembe zifikazo ndani kabisa ya mapafu hazizidi maikromita 5 hivi, ilhali unywele mmoja una takriban maikromita 70. Hizo hazionekani, hubaki hewani baada ya "vumbi" kutulia, na huleta silikosisi, ugonjwa usio na tiba.

Maji matupu hayazidaki vyema. Tone kubwa linapoanguka, hewa hulipisha, nazo chembe ndogo hupita pembeni pamoja na hewa hiyo. Kwa hiyo katika baadhi ya migodi na mitambo ya kusagia mawe hutumiwa povu. Hewa hupulizwa katika maji yenye dawa ya jamii ya sabuni. Dawa hiyo hushusha mvutano wa uso wa maji kutoka milinyutoni 72 kwa mita hadi 30 hivi, na utando wa maji hutanuka bila kupasuka upesi. Viputo vikiwa vidogo mno huwa vingi, na chembe haipati upenyo. Kiputo kikipasuka juu yake huilowesha. Zilizolowa hugandamana, zikawa nzito, zikaanguka.

Maelezo hayo yote yamewezekana kwa sababu Kiswahili hutofautisha povu na kiputo, ingawa katika mazungumzo povu hubeba maana zote mbili (na siku hizi hata hasira za msemaji). Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI, ya mwaka 1990, ilikwisha kuonyesha kuwa sayansi haiishindi lugha hii. Kutohoa "safaktanti" hakumfunulii msomaji kitu; "kilegeza uso wa maji" ni refu, lakini hueleza kazi yake.

Pengo kubwa liko kwenye vumbi lenyewe. "Vumbi pumulika" lina sura ya kitaalamu, lakini "vumbi la mapafuni" ni bora, kwa kuwa mponda kokoto atalielewa papo hapo, na ataelewa pia kwa nini ndoo ya maji iliyomwagwa chini haikumkinga.