NILITAKA KUUZA SURA NA LAND ROVER YA MAMA

SIKUFICHI msomaji wangu, mimi ni mmoja wa wale vijana ambao gari likipita hawaangalii nani yuko ndani, wanaangalia limenyanyuka kiasi gani. Likiwa juu, na matairi yenye meno kama ya trekta, hapo roho yangu kwatu! Kwa hiyo mwaka jana Mama aliponipigia simu kutoka Morogoro kwamba Land Rover ya marehemu baba inaletwa Dar, niisimamie itengenezwe chini, na kwamba ametuma laki tisa, mimi sikuwaza ubovu. Niliwaza Sinza, Ijumaa jioni.

Gari lenyewe ni One Ten ya mwaka 1988. Land Rover za zamani zaidi zilikaa juu ya springi za vyuma bapa vilivyolaliana kama chapati, na ukishuka safarini ulikuwa unatafuta kiuno chako. One Ten ilipotoka mwaka 1983 ikaja na springi za kujizungusha, zile ambazo Range Rover ilikuwa nazo tangu 1970. Jina la Defender lilikuja baadaye, mwaka 1990.

Na halikai uani kama pambo. Mara mbili kwa wiki linapanda Mgeta, kwenye milima ya Uluguru, na kushuka na kabeji, karoti na wenye mali wenyewe wamekaa juu ya mizigo. Hiyo ndiyo ada ya mdogo wangu na unga wa nyumbani.

Mjomba ndiye aliyelileta. Alishuka amechoka kama aliyelisukuma kutoka Chalinze.

"Mpwa wangu, ukifika themanini usukani unatetemeka kama una homa," akaniambia. "Na ukiachia mafuta, huko nyuma kunagonga ngo! Mwambie fundi hivyo hivyo."

Nikaitikia ndiyo, Mjomba. Sikio moja likaingiza, la pili likatoa. Kesho yake asubuhi niko Gerezani kwenye maduka ya spea, na muuzaji mmoja mwenye maneno matamu kuliko halua ananionyesha springi nne mpya, nyekundu, ngumu, za kulinyanyua gari sentimita tano. Laki tano na sitini. Nikalipa bila hata kuomba maji ya kunywa.

Fundi wetu ni mzee mmoja wa Ilala aliyekuwa anamtengenezea baba. Nikamwamkia, nikazishusha springi zangu kwa mbwembwe. Hakuzigusa.

"Nani kakwambia springi zimekufa?"

Kimya. Akachukua futi kamba, akapima kutoka katikati ya gurudumu hadi kwenye bodi, kulia na kushoto, mbele na nyuma. Gari limekaa sawa, halijalala upande wowote. "Springi nzima hizi," akasema. Halafu akaegemea kona ya mbele kwa uzito wake wote, akaachia. Gari likapanda, likashuka, likapanda tena, likashuka tena, mara tatu. Lilitakiwa lipande na kutulia. Kumbe shokapu zimekwisha siku nyingi, na mbili zilikuwa zimelowa mafuta yake zenyewe.

Kisha akaingia uvunguni na mtaimbo, akaniita na mimi, na shati langu jeupe hilo. Kutoka kwenye ekseli ya mbele kuna mikono miwili ya chuma inayoenda kushika chesisi, na kila inaposhikia pana bushi ya mpira. Mpira ule ulikuwa umepasuka na kuchakaa kama soli ya kandambili, na chuma kinacheza humo ndani. Akamwambia Mjomba awashe, azungushe usukani kidogo kulia, kidogo kushoto. Ile rodi ya kukingama inayozuia ekseli ya mbele isiende kushoto na kulia, bolti yake ilikuwa inatembea ndani ya tundu! Huko nyuma, juu ya difu, kuna chuma chenye umbo la A na boli jointi yake. Mzee aliponyanyua kwa mtaimbo, ikapanda na kushuka. Ngo, ngo. Ile ile ya Mjomba.

Pale chini, mgongo juu ya mafuta machafu, ndipo nilipopata darasa ambalo shule hawakunipa. Springi inabeba uzito. Shokapu inaituliza springi isiendelee kucheza. Lakini kinachoiambia ekseli ikae wapi ni mikono ile na vipande vya mpira ambavyo havizidi ngumi. Vikiliwa, ekseli inajiendea. Sasa nyanyua gari hilo. Ekseli ya mbele inapinda kidogo, ile pembe ya nyuzi tatu inayofanya usukani urudi katikati wenyewe inapungua, shafti zinazunguka zimekunjika zaidi, mipira ya breki inavutika, na uzito wote unahamia juu.

"La kuuzia sura mjini, fanya," mzee akasema. "Hili linabeba akina mama juu ya korongo."

Mjomba akakohoa. "Na mama yake mwenyewe alikuwamo."

Nikatoka uvunguni. Kumbe Machi, mvua zikiwa zimeshika, wakishuka kutoka Nyandira, Mjomba aliachia mafuta kabla ya kona, ikagonga ngo, na nyuma ikahama yenyewe. Tairi la nyuma la kushoto likasimama pembeni kabisa mwa barabara, chini kuna bonde. Hakuzima moto, alikanyaga breki tu huku jasho linamtoka, na akina mama wakashuka mmoja mmoja upande wa mlima. Mama alishuka wa mwisho. Akamwambia kaka yake asiwaambie watoto.

Jamani, nilitamani ardhi ipasuke.

Nilirudi Gerezani nusu nakimbia. Yule wa maneno matamu aliyamaliza yote, akanikata elfu tisini, na hela hakurudisha, akataka nichukue vitu. Nikachukua shokapu nne za urefu wa kawaida na baadhi ya bushi. Boli jointi ilitoka kwenye chenji ya Mama. Palipopungua niliuza spika zangu, na majirani nadhani walifurahi.

Kazi ilichukua siku mbili. Bushi za zamani ziligoma kutoka, zikachomwa moto, Ilala nzima ikanuka mpira. Mpya zilisukumwa kwa presi ya gereji ya jirani. Muuzaji alikuwa ameninadia zile za plastiki ngumu, eti zinadumu zaidi, na mzee hakukataa kwamba zinadumu. Ila alisema kwenye njia ya mawe, ambako gurudumu moja liko juu na jingine shimoni, ile mikono ya mbele inahitaji mpira unaokubali kujipinda.

Kitu kimoja nakuomba ukakiangalie siku gari lako likiwa gereji. Kijana wa mzee alitaka kukaza bolti za bushi gari likiwa limening'inia. Mzee alimfokea! Bushi ya mpira inakazwa mwisho magurudumu yakiwa chini na gari limekaa kwa uzito wake. Ukiikaza gari likiwa hewani, likishushwa mpira unabaki umejipinda siku zote, na hauchukui muda unapasuka.

Jumamosi tulilirudisha, mimi na Mjomba. Mlandizi akanipa usukani. Themanini ikafika, usukani umetulia kama maji ya mtungini. Nikaachia mafuta nikisubiri ngo. Hakuna. Mjomba alikuwa amekwisha sinzia, jambo ambalo kwenye gari lile sijawahi kuliona.

Tulifika Morogoro usiku. Mama alikuwa jikoni nyuma ya nyumba, na siku zote huwa anatoka kabla hatujazima, kwa sababu hugonga tangu kwenye tuta la njia panda. Safari hii tukazima, tukashuka, tukapiga hodi.

"Mmekuja na basi?" akauliza. "Gari mmeliacha wapi?"