HELMETI YENYE TAYA INAYOFUNGUKA: ANGALIA NINI KABLA YA KUTOA PESA YAKO?

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya malaria, maji safi na chanjo. Leo tutazungumza juu ya kichwa chako unapopanda pikipiki.

Kwa nini sisi wahudumu wa afya tunaongea juu ya pikipiki? Kwa sababu hapa kambini boda ndiyo gari letu. Inampeleka mama mjamzito kliniki, inaleta mahindi kutoka sokoni, na inawapa vijana wengi kazi. Tena Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kusafiri na kufanya kazi, kwa hiyo vijana wetu wako kwenye barabara nyingi za nchi hii, mpaka Jinja na Mbale. Hata jina boda boda limetoka upande huo wa mashariki, mpakani Busia, wakati baiskeli zilipobeba watu kutoka mpaka wa nchi moja mpaka wa nchi ya pili.

NJIA YA BUWENGE

Nichukue mfano wa Buwenge, mji mdogo ulio kaskazini ya Jinja kwenye barabara ya Kamuli. Nilisoma sekondari kule, njia zake nazijua. Kwenye lami magari yanakimbia. Trekta na malori ya miwa yanavuta trela nzito, na usiku mengine hayana taa nyuma. Miwa inaanguka barabarani. Ukiacha lami unaingia njia za udongo mwekundu: kiangazi ni vumbi machoni, mvua ikinyesha ni utelezi.

Dereva wa boda kule anasimama mara nyingi kwa siku. Anapatana bei na abiria, anapokea simu, anakunywa maji. Helmeti inayofunika uso wote inamchosha kwa joto, na abiria hamsikii vizuri. Basi anaivua na kuivaa kwenye kiwiko, au anaitundika kwenye kioo cha pikipiki. Helmeti iliyo kwenye kiwiko inalinda kiwiko.

Ndiyo maana vijana wengi wanapenda helmeti inayobadilika. Ukiifunga inakuwa ya uso mzima, ukiifungua unaweza kuongea na kunywa bila kuivua. Ni chombo kizuri, lakini nyingine zinazouzwa zina taya ya pambo tu. Lazima ujue kuzitofautisha.

HELMETI INAKULINDA NAMNA GANI?

Mwaka 1935 Mwingereza T. E. Lawrence alianguka na pikipiki bila helmeti, akafariki baada ya siku sita. Daktari wa ubongo Hugh Cairns, mmoja wa waliomhudumia, alianza kuchunguza majeraha ya kichwa ya wapanda pikipiki, na mwaka 1941 akaandika juu ya faida ya helmeti. Tangu hapo madaktari wamepima jambo hili mara nyingi. Uchunguzi mkubwa uliokusanya tafiti za nchi mbalimbali, uliotolewa mwaka 2008, ulionyesha kwamba helmeti inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi.

Kazi hiyo inafanywa na vitu vitatu. Gamba la nje linazuia kitu chenye ncha na kusambaza pigo. Povu gumu lililo ndani, kama lile linalofungwa kwenye maboksi ya televisheni, linabonyea na kula nguvu ya pigo ili ubongo usitikiswe kwa ghafla. Mkanda wa kidevuni unaishika helmeti isitoke. Kimoja kikikosekana, una kofia tu.

AINA MBILI ZA HELMETI INAYOBADILIKA

Ya kwanza, taya inapanda juu: unabonyeza kifungo na taya yote inainuka mpaka kwenye paji. Kampuni ya BMW ya Ujerumani ilianza kuuza ya namna hii mwaka 1981. Ya pili, taya inatolewa kabisa na kubaki helmeti ya uso wazi. Hii ya pili chunguza zaidi, kwa sababu nyingine taya yake ni plastiki nyembamba isiyo na povu. Ukianguka kifudifudi itavunjika kabla ya taya yako, halafu taya yako itafuata.

MAMBO SITA YA KUANGALIA DUKANI

1. Soma herufi. Umoja wa Mataifa una kanuni ya helmeti, namba 22. Helmeti iliyopimwa kwa kanuni hiyo ina kitambaa kidogo, mara nyingi kimeshonwa kwenye mkanda. Kina herufi E ndani ya duara, na namba ya nchi iliyoipitisha. Chini yake kuna namba inayoanza na 05 au 06. Ile ya 06 ni ya toleo jipya, lililoanza kutumika mwaka 2021. Kisha tafuta herufi hizi:
- J: helmeti haina kinga ya taya.
- P: taya imepimwa na inalinda, lakini ikiwa imefungwa.
- P/J: imepimwa ikiwa imefungwa na ikiwa wazi pia.
- NP: taya hailindi. Ni ya kuzuia upepo na vumbi tu.
Ukiona NP, usilipe bei ya P. Ukiona stika ya kubandika tu na hakuna kitambaa kilichoshonwa, uliza maswali. Alama ya DOT ni ya Marekani. Kule mtengenezaji mwenyewe ndiye anayetamka kwamba helmeti yake inafaa, na alama hiyo haikuambii lolote juu ya taya.

2. Jaribu kufuli la taya. Funga taya usikie mlio pande zote mbili. Shika taya uvute juu kwa nguvu. Ikifunguka au ikicheza upande mmoja, irudishe. Ndoano za chuma zinadumu kuliko za plastiki. Jaribu pia kufungua kwa mkono mmoja.

3. Angalia povu. Vua kitambaa cha ndani kama kinatoka. Bonyeza kwa kidole: unatakiwa kukuta povu gumu mpaka pembeni. Ndani ya taya pia tafuta povu. Sponji laini peke yake haiwezi kula pigo.

4. Pima kichwa. Zungusha futi ya fundi cherehani juu kidogo ya nyusi. Kwa helmeti nyingi, sentimeta 55 na 56 ni S, 57 na 58 ni M, 59 na 60 ni L. Ikivaliwa ibane mashavu bila kuumiza. Tikisa kichwa: ngozi ya uso isogee pamoja na helmeti. Ikae dakika 10 kichwani kabla ya kulipa. Muuzaji mwema hatakasirika.

5. Jaribu mkanda. Ufunge ili vidole viwili tu vipite chini ya kidevu. Kisha mwenzako ashike helmeti kwa nyuma, chini, na kuivuta kuelekea mbele. Ikitoka kichwani, siyo yako, hata kama rangi yake inapendeza.

6. Kioo cha uso. Kiwe safi, kisicho na michirizi. Kioo cheusi ni hatari usiku. Kama unatembea jioni, chagua kisicho na rangi.

Je, ununue iliyotumika? Povu likishabonyezwa na ajali halirudi, na nje huwezi kuona kitu. Kama hujui historia ya helmeti, iache. Na yako ikipata pigo kubwa kichwani mwako, ibadilishe.

Na kama pesa haitoshi? Helmeti ya kawaida ya uso mzima yenye alama ya kweli ni bora kuliko inayobadilika ya bei rahisi yenye taya ya pambo. Nunua kinga kwanza, urahisi utafuata.

KUIVAA NJIANI

Kama herufi ni P peke yake, funga taya kabla ya kuondoa pikipiki. Taya iliyo juu inashika upepo, inavuta shingo, na uso wako uko wazi. Fungua ukiwa umesimama. Hata yenye P/J, ifunge ukifika lami, kwa sababu ikiwa wazi hakuna kinachokinga kidevu.

Abiria naye avae. Sheria ya Uganda inataka dereva na abiria wote wawe na helmeti. Kampuni ya SafeBoda, iliyoanza Kampala mwaka 2014, ilizoesha watu kuona dereva akibeba helmeti ya pili. Hata wewe wa steji ya kambini unaweza. Mama, kama umefunga kitambaa kikubwa au nywele za juu, zishushe kwanza, maana helmeti iliyokalia fundo la nywele haikai kichwani. Mtoto mchanga hana helmeti ya kumtosha, kwa hiyo asafirishwe kwa gari kila inapowezekana.

USAFI WAKE

Watu wengi wanaogopa kuvaa helmeti ya abiria kwa ajili ya mapunye na chawa. Hofu hiyo ina sababu, na dawa yake ni rahisi. Abiria avae kitambaa chepesi cha kwake ndani. Dereva afue kitambaa cha ndani kila wiki kwa maji na sabuni ya kawaida, akianike kikauke kabisa. Gamba na kioo vifutwe kwa maji na sabuni. Usitumie petroli, tina wala spiriti, maana vinadhoofisha plastiki bila wewe kuona.

AJALI IKITOKEA

Hapa helmeti ya taya inayopanda ina faida kubwa. Kama majeruhi anapumua, usimvue helmeti. Mtu mmoja ashike kichwa kisitikisike, mwingine afungue taya taratibu ili hewa ipite na muone mdomo. Akitapika, mgeuzeni upande, kichwa na mwili pamoja. Kama hapumui na hamuwezi kufikia njia ya hewa, ivueni watu wawili: mmoja ashike shingo na taya, mwingine afungue mkanda na kuivuta polepole.

Aliyegongwa kichwa apelekwe kituo cha afya mara moja, hata kama anatembea, akionyesha moja ya dalili hizi: kutapika mara kwa mara, usingizi usio wa kawaida, kichwa kinachozidi kuuma, degedege, kuchanganyikiwa, damu au maji kutoka sikioni au puani.

Ndugu msomaji, kama una helmeti nyumbani, ichukue leo uitafute ile herufi kwenye mkanda. Ukishindwa kuisoma, ilete kituoni au mwonyeshe mhudumu wa afya wa mtaa wako tuisome pamoja. Hakuna malipo.