Mgeni Aliondoka Loki. Mwenyeji Je, Alipona?

Wahenga walinena, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hii hutajwa kwa bashasha harusini, mikutanoni na hasa katika hotuba za kuwalaki wafadhili. Ni wachache, hata hivyo, wanaoitega sikio sarufi yake. Kitenzi cha kwanza, njoo, ni cha kuamuru. Cha pili, apone, ni cha kutamani. Wahenga hawakusema "mwenyeji hupona", wala hawakusema "mwenyeji atapona". Walisema "apone", yaani tunaomba iwe hivyo, tunatumaini iwe hivyo. Baina ya ombi na tukio pana umbali, na umbali huo ndio ninaokusudia kuupima leo kwa kutumia mfano wa uwanja mmoja mdogo wa ndege ulioko pembe ya kaskazini magharibi ya nchi yetu.

Uwanja wenyewe ni wa Lokichoggio. Uko katika Kaunti ya Turkana, zaidi ya kilomita 200 kutoka Lodwar, karibu na mpaka wetu na Sudan Kusini. Jina lake huandikwa kwa namna tatu au zaidi: Lokichoggio, Lokichogio na Lokichokio. Mwanzo wake, Lo-, ndio uo huo tunaouona katika Lodwar, Lokichar na Lokitaung, na ni alama ya wazi kuwa mji huu ulipewa jina na wenyewe, kwa lugha yao. Lugha hiyo ni ndugu wa damu wa Kitoposa kinachosemwa ng'ambo ya mpaka, na wa Kikaramojong' cha Uganda. Wageni walipofika waliliona jina refu, wakalikata: Loki. Kwa miaka mingi dunia ililijua jina hilo fupi kuliko ilivyoyajua majina ya miji yetu mingi mikubwa.

Tuitazame historia. Vita vya pili vya wenyewe kwa wenyewe nchini Sudan vilizuka mwaka 1983. Kufikia mwaka 1988, vita na ukame vilikuwa vimeleta njaa ambayo inakadiriwa kuwa iliua watu wapatao 250,000 kusini mwa nchi hiyo. Ndipo Umoja wa Mataifa ulipopatana na serikali ya Khartoum na wapiganaji wa SPLA, na Aprili 1989 ikaanzishwa operesheni iliyojulikana kama Operation Lifeline Sudan, kwa ufupi OLS. UNICEF, Mpango wa Chakula Duniani (WFP) na mashirika kadhaa ya hisani walishiriki. Upande wa kaskazini ulihudumiwa kutoka Khartoum; upande wa kusini ulihudumiwa kutoka Loki. Hivyo ndivyo uwanja mdogo wa mpakani ulivyogeuka kuwa mmojawapo wa viwanja vyenye shughuli nyingi zaidi nchini Kenya.

Inafaa msomaji aelewe kazi hiyo ilivyofanyika, kwa maana haikuwa kazi ya kurusha ndege tu. Chakula na mafuta ya ndege vilisafirishwa kwa malori kutoka pwani na bara, safari ya siku kadhaa kupitia barabara ya Kitale na Lodwar. Kila mwezi wakuu wa operesheni walipeleka Khartoum orodha ya mahali walikotaka kutua au kudondosha chakula, na serikali ya huko ndiyo iliyoamua ni wapi panaruhusiwa na ni wapi panakatazwa. Ndege ndogo zilibeba dawa, chanjo na wafanyakazi, zikatua katika viwanja vya udongo ambavyo mvua ikinyesha havitumiki. Ndege kubwa za Hercules, zenye uwezo wa kubeba tani 16 hivi, hazikutua. Zilishuka hadi mita mia mbili au tatu juu ya ardhi, zikainua pua, na magunia yakateremka yenyewe kwa uzito wake kupitia mlango wa nyuma. Gunia lilitiwa ndani ya gunia jingine ili la ndani likipasuka, nafaka isitawanyike mchangani. Chini, wafanyakazi walikuwa wamekwisha kuweka alama nyeupe ya msalaba na kuwaondoa watu na mifugo, kwani chakula kinachomwangukia mtu kutoka angani humuua badala ya kumwokoa.

Nilikuwa mwanafunzi wa shule ya upili mwaka 1998, njaa ilipolikumba tena eneo la Bahr el Ghazal. Nakumbuka jinsi jina la Loki lilivyorudiwa redioni jioni baada ya jioni. Mwanzoni mwa mwaka huo Khartoum ilizuia ndege za msaada kwenda eneo hilo kwa majuma kadhaa, na watu wakazidi kuangamia huku chakula kikiwa kimerundikwa upande huu wa mpaka. Marufuku yalipoondolewa, Loki ikawa kitovu cha mojawapo ya operesheni kubwa zaidi za kudondosha chakula kutoka angani ambazo ulimwengu umepata kuziona. Hapana shaka kuwa uwanja huo uliokoa maisha ya watu wengi mno. Anayeandika juu yake bila kukiri jambo hilo kwanza, hatendi haki.

Lakini haki hutudai pia tuwatazame waliokuwa wakiishi kandokando ya uwanja. Turkana ni mojawapo ya sehemu kame zaidi za Kenya, na wakati huo ilikuwa, kama ilivyo hata sasa, mojawapo ya sehemu maskini zaidi. Mfugaji wa Turkana ambaye mbuzi wake walikuwa wamekufa kwa kiangazi alisimama chini ya mgunga akaitazama ndege iliyojaa nafaka ikiruka juu ya kichwa chake, ikielekea kuwalisha wenye njaa wa nchi nyingine. Wapo waliopata manufaa: wachukuzi, walinzi, wapishi, wafuaji, wenye maduka. Hospitali ya Lopiding, iliyofunguliwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu mwaka 1987 kwa ajili ya majeruhi wa vita vya Sudan, ilikuwa na madaktari wa upasuaji ambao wilaya nyingi za Kenya hazikuwaota hata usingizini. Mwenyeji, basi, alipata nafuu. Je, nafuu ni kupona?

Jibu lilikuja mwaka 2005. Januari 9 mwaka huo, hapa Nairobi, mkataba wa amani wa Sudan ulitiwa sahihi. Mashirika yakaanza kuhamia Juba, kama ilivyostahili, kwani huko ndiko walikokuwa waliohitaji kuhudumiwa. Mwaka 2006 hospitali ya Lopiding ilikabidhiwa Wizara ya Afya ya Kenya, nayo ikarudi kuwa hospitali ya kawaida ya mashinani, yenye upungufu wa kawaida wa mashinani. Kambi za wageni zikafungwa, ajira zikatoweka, maduka yakakosa wateja. Sudan Kusini ilipojipatia uhuru Julai 9, 2011, uwanja ule ulikuwapo bado, mikononi mwa Halmashauri ya Viwanja vya Ndege (KAA), lakini haujapata tena shughuli za kadiri ile. Amani ambayo kila mtu aliiombea ilikuwa neema kwa jirani na hasara kwa Loki, na kosa halikuwa la amani.

Yupo atakayenijibu kwamba kituo cha dharura ni cha muda kwa asili yake, na kwamba wageni wale walikuja kuokoa maisha Sudan, hawakuja kuijenga Loki. Hoja hiyo ina uzito, na siwalaumu wageni. Ila na tulipime neno lenyewe. Dharura, katika Kiswahili chetu, ni jambo la ghafla lisilongoja. Dharura ya Loki ilidumu miaka 16. Mtoto aliyezaliwa siku ndege ya kwanza ya OLS iliporuka alikuwa kijana aliyebalehe wageni walipofunga virago. Kwa muda wote huo serikali yetu haikuona haja ya kuwauliza wananchi wake wa Loki: siku hawa watakapoondoka, mtaishi kwa nini? Wangapi kati ya vijana wenu wamefundishwa urubani, ufundi wa mitambo ya ndege, uzimamoto au kuongoza ndege mnarani? Jukumu hilo halikuwa la mgeni. Lilikuwa letu.

Hapa isimu inaweza kutusaidia. Neno mwenyeji ni muungano wa mwenye na mji. Mwenyeji ni mwenye mji. Siku hizi ripoti za wafadhili zimejaa "jamii mwenyeji", na ukisoma vizuri utagundua kuwa maana yake humo ni watu wanaokaa karibu na mradi, wanaopaswa kutulizwa ili wasiuvuruge. Mwenye mji amegeuzwa jirani wa mji wake mwenyewe. Mtu wa namna hiyo hawezi kupona kwa kuja kwa mgeni, kwa kuwa mgeni hamkuti nyumbani. Anamkuta nje ya ua, akisubiri kazi ya kibarua.

Ninayasema haya kwa sababu hadithi ya Loki haijaisha, inarudiwa kwa majina mengine. Machi 2012 mafuta yaligunduliwa karibu na Lokichar, na mwezi uo huo mradi wa LAPSSET ukazinduliwa Lamu, ukiwa na mpango wa viwanja vitatu vya ndege vya kimataifa: Lamu, Isiolo na Turkana. Kambi ya Kakuma, iliyoanzishwa mwaka 1992 chini ya kilomita 100 kutoka Loki, imekuwa mji mkubwa unaotegemea msaada kwa kiwango kikubwa. Mwaka 2025, Marekani ilipopunguza fedha zake za misaada na kulifunga shirika lake la USAID, WFP ililazimika kupunguza posho ya chakula kambini humo. Wakimbizi waliumia, na wafanyabiashara wa Turkana waliowauzia mbuzi, kuni na makaa waliumia pamoja nao. Mgeni anaondoka tena, na mwenyeji kwa mara nyingine hakuandaliwa.

Nini kifanyike? Kwanza, kila mradi mkubwa unaoletwa Turkana, uwe wa mafuta, wa ndege au wa wakimbizi, uwe na mpango wa siku ya kuondoka unaoandikwa siku ya kuingia, na mpango huo usomwe kwa Kiturkana mbele ya wazee, akina mama na vijana. Pili, Katiba ya mwaka 2010 imeyaweka masuala ya usafiri wa ndege chini ya serikali ya kitaifa. Sisemi Katiba ibadilishwe, lakini kaunti isiwe mtazamaji tu wa lami iliyo katika ardhi yake. Serikali mbili zikae meza moja ziamue kama uwanja wa Loki utakuwa kituo cha kusafirishia nyama ya mifugo, chuo cha mafunzo ya urubani au kituo cha kuokolea wagonjwa wa mpakani. Tatu, nafasi za mafunzo ya kazi za viwanja vya ndege zitengewe vijana wa mahali viwanja vilipo, wasiishie kuwa wapagazi na walinzi wa lango.

Methali nyingine ya wahenga yatuambia kuwa mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Loki ilikaa na wageni miaka 16, na siku ya tatu haikufika, kwa maana mwenyeji mwenyewe hakuwa na jembe. Tumpe sasa, kabla ya ndege nyingine kutua.